Kiti Kimekabidhiwa, Fundi Yuko Wapi?

Hafla za kukabidhi vifaa kwa watu wenye ulemavu zimekuwa sehemu ya kawaida ya habari zetu. Leo kampuni imetoa viti mwendo, kesho taasisi ya dini imetoa magongo, keshokutwa shirika la hisani kutoka ng'ambo limeleta kontena la vifaa vya michezo. Mgeni rasmi anahutubia, picha zinapigwa, wanamichezo wanaondoka na walichopewa. Siwabezi wanaotoa. Mtu aliyekuwa akitambaa akapata kiti amepata jambo kubwa, na hakuna hoja ya mwandishi wa gazeti inayoweza kulipunguza. Ninachosema ni kwamba misaada hii tunaipima kwa kipimo kisicho sahihi. Tunahesabu vilivyotolewa, ilhali kinachomrudisha uwanjani mwanamichezo aliyeumia, au kumwingiza uwanjani kwa mara ya kwanza mtu mwenye ulemavu, ni kile kinachoendelea kufanya kazi mwaka wa pili na wa tatu baada ya hafla: fundi, mtaalamu wa tiba ya viungo, kocha, vipuri, nauli ya kwenda mazoezini. Fedha za hisani zihamie huko. Na shirika lisiloweza kutuonyesha nini kimebaki kikifanya kazi baada ya lenyewe kuondoka, tusiharakishe kulisifu.

Shirika la Challenged Athletes Foundation la Marekani ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa kuwa historia yake inaonyesha nguvu ya hisani na mipaka yake kwa pamoja. Chimbuko lake ni Jim MacLaren, kijana aliyecheza soka la Kimarekani katika Chuo Kikuu cha Yale. Mwaka 1985, akiwa kwenye pikipiki jijini New York, aligongwa na basi akapoteza mguu wa kushoto chini ya goti. Akageukia triathloni, mchezo wa kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia kwa mfululizo, akawa miongoni mwa wanamichezo wenye mguu bandia waliokuwa na kasi kubwa zaidi wakati ule. Mwaka 1993, akiwa katikati ya mashindano huko California, gari liliingia kwenye njia ya waendesha baiskeli likamgonga, na safari hii akavunjika shingo. Mwaka uliofuata marafiki zake waliandaa triathloni San Diego ili kuchanga dola 25,000 za kumnunulia gari linalofaa hali yake mpya, wakapata karibu mara mbili ya kiasi hicho. Siku hiyohiyo wanawake waliokatwa miguu walioshiriki mashindano waliwaeleza waandaaji jambo ambalo ndilo hasa lililozaa shirika: bima za afya zilikuwa zikilipia mguu wa kutembelea, lakini hazikulipia mguu wa kukimbilia. Mchango uliokusudiwa kwa mtu mmoja ukawa umegundua pengo la mfumo mzima.

Miaka michache baadaye shirika hilo lilipokea barua kutoka Ghana. Emmanuel Ofosu Yeboah alizaliwa na kasoro kwenye mguu wa kulia, katika mazingira ambayo mtu kama yeye alitarajiwa kuishi kwa kuombaomba barabarani. Katika barua yake aliomba baiskeli. Mwaka 2001 alizunguka nchini mwake kwa karibu kilomita 600 akikanyaga pedali kwa mguu mmoja, akisimama mijini na vijijini kuzungumza na watoto wenye ulemavu, wanahabari na viongozi. Habari yake ikaenea, ikatengenezewa filamu, na mwaka 2006 Ghana ikapitisha Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Si haki kusema baiskeli moja ndiyo iliyoleta sheria. Vyama vya watu wenye ulemavu nchini humo vilikuwa vimeidai kwa miaka mingi. Lakini safari ile iliwapa wananchi sura ya kile kilichokuwa kikidaiwa. Na wanaosimulia habari ya Emmanuel mara nyingi huishia kwenye baiskeli, wakati sehemu yenye somo ndiyo inayofuata. Alipelekwa California, akafanyiwa upasuaji, akatengenezewa mguu bandia, akajifunza kuutumia, kisha akapata tuzo ya fedha ambayo kwayo alianza kuwasaidia wenzake kwao. Baiskeli ilizaa matunda kwa sababu nyuma yake palikuwa na watu walioendelea kushughulika naye.

Kwetu sehemu hiyo ya pili ndiyo inayokosekana. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF ya mwaka 2022 kuhusu vifaa saidizi ilikadiria kuwa watu zaidi ya bilioni 2.5 duniani wanahitaji angalau kifaa kimoja, kuanzia miwani hadi kiti mwendo, na kwamba karibu bilioni moja hawavipati. Katika baadhi ya nchi za kipato cha chini na cha kati, wanaovipata ni asilimia 3 tu ya wanaovihitaji. Ni rahisi kusoma tarakimu hizo kama uhaba wa bidhaa na kuhitimisha kwamba dawa yake ni makontena zaidi. Uhaba huo hasa ni wa huduma. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani kuhusu viti mwendo inasisitiza kwamba kumpa mtu kiti ni mchakato mzima: kumpima, kuchagua kiti kinachomfaa, kukirekebisha kwa mwili wake, kumfundisha kukitumia, kisha kufuatilia na kukitengeneza. Hafla ya makabidhiano ni kipande kidogo katikati ya safari hiyo, na ndicho pekee kinachoonekana kwenye kamera.

Kitazame kiti chenyewe kwa karibu. Kiti cha kukunja kilichoundwa kwa ajili ya korido za hospitali kina magurudumu madogo na membamba mbele. Kwenye sakafu ya vigae kinateleza vizuri. Kwenye mchanga wa Kigamboni, kokoto za Kibera au udongo wa Kahama baada ya mvua, gurudumu la mbele linazama, kiti kinasimama ghafla, aliyekikalia anarushwa mbele. Baada ya miezi michache vumbi limeingia kwenye beringi, tairi limechanika, na saizi ya tyubu haipatikani kwa muuza vipuri vya baiskeli yeyote mjini. Kiti kinawekwa nyuma ya mlango. Kwa aliyeumia uti wa mgongo, mto wa kukalia ni muhimu kama kiti: asiyehisi makalio yake hawezi kujua kwamba ngozi inaumia, na mto mbovu humletea kidonda cha mgandamizo ambacho kikipata maambukizi kinaweza kumuua. Mwanamichezo wa kikapu wa kiti mwendo anazunguka, anagongana na kufunga breki mara mamia katika mchezo mmoja. Kumpa kiti bila kumwonyesha nani atanyoosha spoki na wapi atapata mto mwingine ni kumpa mkopo wa miezi michache.

Wapo waliolitambua hili mapema. Ralf Hotchkiss, Mmarekani aliyeumia uti wa mgongo katika ajali ya pikipiki mwaka 1966, aliutumia uhandisi wake kubuni viti vinavyoweza kuundwa na kutengenezwa katika karakana ndogo za nchi zetu, kwa bomba za chuma za kawaida, matairi ya baiskeli na beringi zinazouzwa madukani. Gurudumu la mbele pana la mpira, lile lisilozama mchangani, lilibuniwa Zimbabwe na watu walioijua barabara yao, likaenea hadi nchi nyingine. Shirika la Motivation la Uingereza, lililoanzishwa mwaka 1991, lilifuata mkondo huohuo na baadaye likatengeneza viti vya michezo vya bei nafuu ili tenisi na kikapu visibaki kuwa michezo ya nchi tajiri. Ubora wa kazi hizi uko kwenye swali lililotangulia mchoro: kikiharibika, mwenye kiti atafanya nini?

Mguu bandia una mahitaji makubwa zaidi, kwa sababu mwili unabadilika na kifaa hakibadiliki. Sehemu ya mguu inayobaki baada ya kukatwa hupungua unene miezi ya mwanzo, na kikombe kinachoipokea, ambacho mafundi hukiita soketi, huanza kulegea, kusugua na kutoa malengelenge. Mtoto anayekua anahitaji kubadilishiwa kila baada ya mwaka mmoja au miwili. Mtoto wa miaka 8 aliyegongwa na bodaboda akakatwa mguu atahitaji miguu mingi kabla ya kufika utu uzima, na kila mguu una vipimo vyake na siku zake za kujifunza kutembea upya. Mfadhili anayegharamia mguu mmoja wa kwanza na kupiga picha ya hatua ya kwanza amefanya jema. Lakini asiporudi, mtoto huyo atakuwa kwenye magongo kabla hajamaliza shule ya msingi, na ndoto ya kukimbia itakuwa imekufa bila tangazo lolote.

Kuna michezo isiyodai vifaa vya gharama, nayo inathibitisha hoja yangu kwa upande mwingine. Soka la waliokatwa viungo linachezwa na watu saba kila upande. Wachezaji wa ndani wanavua miguu bandia na kukimbia kwa magongo, na kipa ni mtu mwenye ulemavu wa mkono. Timu yetu ya Taifa ya Tanzania, Tembo Warriors, ilifuzu Kombe la Dunia kupitia mashindano ya Afrika yaliyofanyika Dar es Salaam mwaka 2021, kisha mwaka 2022 huko Istanbul ikafika robo fainali. Hebu tufikirie ni nchi ngapi zenye timu za soka zenye bajeti kubwa zaidi ambazo hazijawahi kufika robo fainali ya kombe lolote la dunia. Vijana wale walifika kwa magongo ya chuma. Gongo hilo linabeba uzito wa mwili mzima unaokimbia, na raba ya chini yake huliwa na uwanja mgumu kwa kasi ambayo mgonjwa wa kawaida hospitalini hawezi kuifikia. Raba ikiisha, chuma kinateleza, mchezaji anaanguka na bega au kiganja kinaumia. Raba ni kitu kidogo mno. Lakini sijawahi kuona hafla ya kukabidhi raba za magongo, wala mfuko wa fedha uliotengwa kwa ajili yake, na wala sitegemei kuona mpaka tubadili namna tunavyofikiri.

Rwanda ilionyesha kinachowezekana uwekezaji unapoelekezwa kwa watu. Wavu wa mpira wa wavu wa kukaa kwa wanaume uko mita 1.15 kutoka sakafuni, wachezaji wanakaa chini, hakuna kiti wala mguu bandia unaotakiwa. Timu ya wanaume ya Rwanda ilikwenda London mwaka 2012, ikawa ya kwanza ya mchezo huo kutoka kusini mwa Sahara kucheza Paralimpiki. Ndani yake walikuwamo Dominique Bizimana na Jean Rukondo, waliopigana katika pande mbili zinazopingana za vita ya Rwanda na wote wawili wakapoteza mguu. Kilichowafikisha London ni mazoezi ya muda mrefu, kocha kutoka Uholanzi aliyekaa nao, na shirikisho lililoamua kwamba mchezo huu ni wa maana. Miaka minne baadaye wanawake wa Rwanda nao walicheza Rio.

Kwa mkimbiaji asiyeona, kifaa chenyewe ni mtu. Henry Wanyoike wa Kenya alipoteza uwezo wa kuona mwaka 1995 baada ya kiharusi. Mwaka 2000 huko Sydney alishinda dhahabu ya mita 5,000, lakini waliotazama mbio zile wanakumbuka zaidi mita za mwisho: mwongozaji wake alikuwa ameugua malaria, akaishiwa nguvu, na Wanyoike akalazimika kumhimiza na kumsukuma ili wote wawili wafike, kwa kuwa mkimbiaji haruhusiwi kumwacha mwongozaji wake njiani. Mbio zile husimuliwa kama kisa cha ujasiri, na ni kweli. Mimi naziona pia kama hesabu ya gharama. Mwongozaji anatakiwa awe na mbio za kutosha kumzidi anayemwongoza, afanye mazoezi yaleyale asubuhi na jioni, ale chakula kilekile, atibiwe anapougua. Ni mwanamichezo kamili ambaye jina lake haliko kwenye orodha ya wanaosaidiwa. Wanyoike mwenyewe alianzisha taasisi inayobeba jina lake kuwasaidia watu wenye ulemavu, na nadhani aliyepita njia ile anajua kuliko wafadhili ni kitu gani kinachokatika kwanza.

Wanamichezo wasio na ulemavu wanaoumia wako katika hali ileile. Mchezaji wa ligi ya mkoa au daraja la kwanza akichanika kano ya katikati ya goti, mara nyingi mashabiki na wachezaji wenzake huchangishana kwa simu mpaka operesheni ifanyike. Huo ni utu, na nchi yetu inao mwingi. Lakini operesheni ni ya saa chache. Kurudisha nguvu za paja, mizani ya mwili na ujasiri wa kukata kona ni kazi ya miezi. Wataalamu wa tiba ya michezo hushauri mchezaji asirudi kwenye ushindani kabla ya takribani miezi 9, kwa sababu anayewahi ana hatari kubwa zaidi ya kuumia tena goti lilelile. Michango huisha wiki ile ya hospitali. Mchezaji anabaki nyumbani bila mtaalamu wa viungo, mkataba wake umeisha au haukuwahi kuwa na kipengele cha matibabu, na mwezi wa nne anaingia uwanjani kwa sababu anahitaji posho. Goti linakwisha, na fedha za wachangiaji zinakwisha nalo. Tungechanga kiasi kilekile tukakigawa, sehemu kwa upasuaji na sehemu kwa utengamao, tungewaokoa wengi zaidi.

Najua wapo watakaosema kwamba yote haya ni anasa. Nchi yenye watu waliokosa viti vya kwendea shuleni na hospitalini itatoaje fedha kwa ajili ya michezo? Hoja hii ina uzito na haistahili kujibiwa kwa wepesi. Jibu liko katika chimbuko lenyewe la michezo hii. Mwaka 1944 daktari Ludwig Guttmann alipewa wodi ya majeruhi wa uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Kabla ya hapo wengi wa majeruhi hao walilazwa wakisubiri kufa kwa vidonda na maambukizi ya njia ya mkojo. Guttmann aliwageuza kitandani kila baada ya saa chache, akawatoa kitandani, kisha akawapa michezo kama sehemu ya tiba, kwa kuwa alitaka mabega yapate nguvu, mapafu yafanye kazi na mgonjwa apate sababu ya kuamka. Julai 1948, siku ilipofunguliwa Olimpiki ya London, majeruhi 16 walishindana kulenga shabaha kwa upinde katika viwanja vya hospitali ile. Paralimpiki imetokana na wodi hiyo. Kwa hiyo anayetenganisha tiba na mchezo anatenganisha vitu vilivyozaliwa pamoja. Mabega yenye nguvu za kucheza kikapu ndiyo yanayomhamisha mtu kutoka kitini kwenda kitandani bila kumwita mama yake. Na karakana inayotengeneza kiti cha mchezaji inatengeneza pia cha mwanafunzi na cha muuza vocha. Hapo ndipo hoja ya anasa inapokosa nguvu: ukilipia fundi, humlipii mwanamichezo peke yake.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, kwamba mashirika ya hisani yanaipa serikali kisingizio. Kadiri wafadhili wanavyoziba pengo, ndivyo wizara na bima zinavyojisahau. Nakubali kwamba hili hutokea. Lakini linatokea zaidi pale msaada unapokuwa wa kugawa na kuondoka, kwa sababu msaada wa namna hiyo hauachi takwimu, hauachi wataalamu, wala hauachi mtu wa kudai. Huko Marekani, malalamiko ya wale wanawake wa San Diego kuhusu mguu wa kukimbilia yalichukua karibu miaka 30 kuanza kuwa sheria. Mwaka 2022 jimbo la Maine lilikuwa la kwanza kuzilazimisha bima kulipia kiungo bandia cha mazoezi na michezo kwa watoto, na majimbo mengine yakafuata. Hawakufika pale kwa huruma tupu. Walifika kwa kuwa wataalamu wa viungo bandia, vyama vya waliokatwa viungo na mashirika ya hisani walikuwa wamekaa na watoto wale miaka mingi, wakajua gharama, wakajua faida, wakaenda mbele ya watunga sheria wakiwa na ushahidi. Hisani inayokaa hujifunza, na inayojifunza inaweza kuidai serikali kwa lugha ya hesabu.

Wakati wa kudai kwetu ni sasa. Tanzania ilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Kenya ilianza kutumia mfumo mpya wa bima ya afya ya jamii Oktoba 2024, na Katiba yake ya 2010, ibara ya 54, inamtambulia mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumwezesha kukabiliana na vikwazo vya hali yake. Nchi zote mbili zimeridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao ibara yake ya 30 inataja michezo waziwazi. Kitita cha mafao kinapopangwa na kupitiwa, utengamao baada ya kuumia, vifaa saidizi na matengenezo yake vinapaswa kuwamo kwa majina. Neno matengenezo nalitilia mkazo. Bima inayolipia mguu na kukataa kulipia soketi mpya imejilipia hasara yenyewe. Mashirika ya hisani yenye wanasheria na takwimu yapeleke nguvu huko, hata kama kazi hiyo haina hafla.

Nimesikia pia hoja ya watendaji wa mashirika: wafadhili wanapenda vitu vinavyoonekana, na ukiwaambia walipe mshahara wa fundi watakwenda kwingine. Ni kweli kwamba ni rahisi kuweka nembo ya kampuni kwenye kiti kuliko kwenye mkataba wa mtaalamu wa viungo. Lakini kampuni zilezile zinajua vizuri gharama za matengenezo zinaponunua magari na mitambo yake. Hakuna meneja anayenunua lori bila bajeti ya matairi. Anaposhughulika na mwili wa mtu, anaacha kanuni anayoitumia kwa lori, na hapo sioni sababu ya kumwonea haya. Shirika la hisani lina wajibu wa kumweleza mfadhili ukweli huu kabla ya kupokea hundi yake, na kumwekea katika mkataba kwamba sehemu ya fedha ni ya vipuri na ufuatiliaji kwa miaka kadhaa. Akikataa, pengine alikuwa akitafuta tangazo.

Wala hatuwezi kusema hatuna wataalamu wa kuanzia. Chuo cha TATCOT kilichoko Moshi, jirani na hospitali ya KCMC, kimekuwa kikifundisha wataalamu wa viungo bandia tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, na wanafunzi wake wametoka nchi nyingi za Afrika. Taasisi ya CCBRT jijini Dar es Salaam imekuwa ikihudumia watu wenye ulemavu tangu 1994. Nchini Kenya, chama cha APDK kilichoanzishwa mwaka 1958 kina karakana inayounda viti mwendo hapohapo Nairobi. Ujuzi upo, majengo yapo, na vijana wanaotaka kusomea kazi hii wapo. Fedha za mtu anayetaka kumsaidia mwanamichezo wa Mwanza au wa Kisumu zingeweza kumsomesha fundi mmoja, zikampa vifaa na malighafi, naye akahudumia mkoa mzima kwa miaka 30 ya kazi yake. Pale ambapo karakana iko mbali, fundi wa baiskeli wa mtaani anaweza kufundishwa kushughulikia tairi, spoki na breki za kiti mwendo kwa muda mfupi. Sihitaji kufikiri sana kujua kipi kingedumu, huyo au kontena.

Vyama vya michezo ya watu wenye ulemavu navyo vina sehemu yao, na nisipovitaja nitakuwa nimependelea. Vifaa vingi hupokelewa bila daftari la kuonyesha nani kapewa nini, kimeharibika lini, kimetengenezwa na nani. Bila daftari hilo, chama kinakwenda kwa mfadhili na maneno ya jumla, na maneno ya jumla huzaa misaada ya jumla. Chama kikisema katika mwaka uliopita viti kadhaa vilisimama kwa kukosa beringi za saizi fulani, mfadhili mwenye nia njema anajua cha kufanya kesho yake asubuhi. Wachezaji wenyewe wawe mezani maamuzi haya yanapofanyika, maana hakuna mtaalamu anayeijua raba ya gongo kuliko anayeanguka inapoisha.

Kwa msomaji mwenye uwezo wa kuchangia, iwe laki moja au milioni mia, ombi langu ni moja. Mara nyingine utakapoalikwa kuchangia kifaa cha mwanamichezo, kabla ya kutoa fedha uliza kikiharibika kitatengenezwa wapi, na nani, na kwa fedha za nani. Usipopata jibu, mchango wako upeleke kwa fundi.